Ulezi wa Wanyamapori Yatima Chini ya Mlima Meru

Mtoto wa mnyamapori aliyefiwa na mama huhitaji mambo mawili ili asife: maziwa ambayo tumbo lake linayakubali, na mwili wa kuegemea usiku. Jambo la tatu, yaani kumrudisha porini akaishi huko bila kumtegemea mtu, lilichelewa sana kuingia katika hesabu. Katika nchi inayouzunguka Mlima Meru, kuanzia Momella na Usa River upande wa mashariki hadi Njiro, kusini-mashariki mwa Jiji la Arusha, ulezi wa namna hii una umri wa zaidi ya miaka 100. Kwa zaidi ya nusu ya muda huo, mnyama aliyenyweshwa kwa chupa alikuwa akiandaliwa kwa safari ya meli na maisha ya kizimbani. Ulezi wa kumwachia mnyama aende zake ni wa juzijuzi, na ulipatikana kwa mzunguko mrefu uliopita katika uwindaji, biashara, sinema na siasa za uhuru.

Ujuzi wa kumnusuru mtoto asiye na mama ulikuwapo kabla ya wageni. Wafugaji wa nyanda kavu za Afrika Mashariki wamekuwa wakimvisha ndama yatima ngozi ya ndama aliyekufa, ili ng'ombe aliyepoteza wake amnuse, amkubali na kumnyonyesha. Mfugaji yeyote anajua kwamba ndama aliyekosa dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza, huwa dhaifu hata akinenepa baadaye. Lakini ujuzi huo ulikuwa wa mifugo. Kumlea mnyama miezi mingi ili siku moja aondoke asionekane tena kungeonekana ni hasara tupu, na kwa mtu anayeishi kwa mifugo kulikuwa hasara kweli.

Utawala wa Kijerumani ulileta sababu ya kuwalea wanyamapori, nayo ilikuwa soko. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1900 mataifa ya kikoloni yalitia saini jijini London mkataba wa kulinda wanyama wa Afrika, ambao pamoja na mambo mengine ulikataza kuua watoto wa aina kadhaa za wanyama, na majike wanaofuatana na watoto wao. Mkataba huo haukupata kutekelezwa kikamilifu. Wakati huohuo bustani za wanyama za Ulaya zilikuwa zikiongezeka, na kampuni ya Carl Hagenbeck ya Hamburg ilikwisha kujenga mtandao wa wakamataji katika pembe nyingi za dunia. Wakamataji walipendelea watoto, kwa kuwa faru mzima hakamatiki kwa kamba za watu wa miguu na tembo mzima haingii katika sanduku la meli. Ili kumpata mtoto, mara nyingi mama aliuawa kwanza. Kwa hiyo wengi wa yatima wa kipindi hicho walifanywa yatima makusudi, na hapo ndipo ulezi wa wanyamapori ulipoanza kuwa kazi ya mshahara.

Ilikuwapo pia ndoto ya kumgeuza mnyamapori awe mfugo. Maradhi ya nchi yaliua farasi na maksai wa kukokota magari, na pundamilia, aliyekuwa akinenepa palepale walipofia farasi, alionekana kuwa jibu. Karibu na mwaka 1900, Fritz Bronsart von Schellendorff alianzisha chini ya Kilimanjaro mradi wa kukamata na kufuga pundamilia, pamoja na mbuni kwa ajili ya manyoya yao. Pundamilia wengi walikufa zizini, waliobaki hawakuzoea kazi, na mradi ukafa.

Aliyefanikiwa zaidi ni Carl Georg Schillings, mwindaji aliyejulikana kwa kupiga picha za wanyama usiku, kwa mwako wa unga wa magnesi, katika nyika zilizo chini ya Kilimanjaro na Meru. Schillings alikamata mtoto wa faru, akalelewa kambini, na akafikishwa akiwa hai katika bustani ya wanyama ya Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenzake wa kulala alikuwa mbuzi. Katika kambi za namna hiyo mbuzi alitatua matatizo mawili kwa pamoja, maziwa na upweke, na ndiyo maana huyu mnyama mdogo anajitokeza tena na tena katika historia hii. Kazi yenyewe ya kukamua, kupasha moto, kunywesha na kulala kando ya ndama ilifanywa na wapagazi na wachungaji ambao vitabu vya wakati huo havikuwataja kwa majina. Kwa kipimo cha siku zile ulezi ulikuwa umefaulu kabisa: mnyama alifika bustanini anapumua.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, leseni zilibadilika, biashara haikubadilika sana. Mashamba ya walowezi yalisambaa kutoka Arusha hadi Usa River na kupanda hadi Momella, penye maziwa madogo yenye magadi katikati ya Meru na Kilimanjaro. Huko ndiko alikoishi Margarete Trappe, Mjerumani aliyefika mwaka 1907, akawa mwindaji mashuhuri wa kuongoza wageni, na akafa mwaka 1957. Masimulizi ya jinsi wanyama walivyomzoea ni mengi, na mengi yametiwa chumvi, hasa baada ya televisheni ya Ujerumani kumtengenezea filamu mwaka 2007. Lililo dhahiri ni kwamba eneo hilo lilijaa wanyama mlangoni mwa nyumba za watu. Sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto mwaka 1960, iliyokuja kupanuliwa na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Mwaka huohuo wa 1960 biashara ya ukamataji ilipata sura yake maarufu kuliko zote. Mwongozaji wa filamu wa Marekani, Howard Hawks, alileta Tanganyika kundi la waigizaji, John Wayne akiwa mbele, kutengeneza *Hatari!*, hadithi ya wakamataji wa wanyama kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani. Momella ilikuwa mojawapo ya mahali pa kazi hiyo, na Willy de Beer, mkamataji wa kweli, alikuwa mshauri wao. Faru na twiga wanaoonekana wakikimbizwa na magari walikimbizwa kweli, na waigizaji wenyewe. Katika hadithi, mpiga picha wa kike anayeigizwa na Elsa Martinelli anakataa mtoto wa tembo apigwe risasi, anamchukua, na kambi nzima inahangaika kukamua mbuzi ili kumpatia maziwa. Muziki aliotungiwa tembo huyo na Henry Mancini unapigwa hadi leo hata na watu wasiojua ulitoka wapi. Filamu ilipotoka mwaka 1962, mamilioni ya watazamaji walijifunza kwamba ndama wa tembo anaweza kulelewa na mtu mwenye moyo na mbuzi wachache. Mafunzo hayo yalikuwa nusu kweli. Ndama walioonekana humo walikuwa wamepita umri wa hatari, na hadithi haisemi waliishia wapi walipokua. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella kiasi cha kununua ardhi na kufungua hoteli hapo.

Usa River nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, hoteli ya Mount Meru Game Lodge ilikuwa na bustani yenye uzio ambamo wageni walikunywa chai wakitazama wanyama. Tembo jike aliyeitwa Nina alikulia katika uzio huo na kuishi humo zaidi ya miaka 20, bila kundi na bila safari yoyote. Habari zake zinaendelea mbele, kwa maana mambo yaliyomtokea yalivuruga nadharia nyingi.

Kugeuka kwa ulezi kutoka kizimbani kwenda nyikani kunaweza kuonekana katika uzao mmoja wa simba. Februari 1956, kaskazini mwa Kenya, afisa wanyamapori George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akakuta watoto watatu wenye siku chache tu. Yeye na mkewe Joy waliwalea wote. Wawili kati yao walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, kama ilivyokuwa desturi. Wa tatu, Elsa, alibaki. Aliyekabidhiwa kumtunza kila siku alikuwa Nuru, mfanyakazi wa nyumba hiyo, ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa bustani. Elsa alipokua, akina Adamson waliamua kumfundisha kuwinda. Jaribio la kwanza, katika eneo la Mara, lilishindwa na simba akaugua. La pili, katika Meru ya Kenya, ambayo haina uhusiano wowote na mlima wa Arusha isipokuwa jina, lilifaulu: Elsa aliwinda, akapata dume la porini, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Kitabu cha Joy Adamson kilichotoka mwaka 1960 kiliuzwa dunia nzima.

Sehemu ya Tanganyika katika kisa hicho husahauliwa. Elsa alikufa Januari 1961 kwa maradhi yanayoenezwa na kupe. Watoto wake, waliokuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, walianza kula mbuzi wa wanavijiji, na serikali ya Kenya ikataka waondolewe. Waliopokea mzigo huo ni Hifadhi za Taifa za Tanganyika, zenye makao yake Arusha chini ya mkurugenzi John Owen. Mei 1961 watoto hao, Jespah, Gopa na Elsa Mdogo, walisafirishwa ndani ya vizimba hadi Serengeti na kufunguliwa humo. Jespah alikuwa na kichwa cha mshale kilichomganda mwilini. Akina Adamson waliruhusiwa kukaa nao kwa muda, kisha wakatakiwa kufuata taratibu za wageni wengine. Walirudi mara kwa mara kuwatafuta, bila kuwapata tena wote watatu pamoja.

Uongozi wa hifadhi ulionekana mkali, lakini ulikuwa na hoja. Hifadhi ya taifa haikuundwa iwe wodi. Kumtibu simba mmoja kwa sababu ana jina, huku wengine wasio na majina wakifa kwa jeraha lilelile, ni kuchagua kwa mapenzi, na mapenzi si sera. Septemba mwaka huohuo ulifanyika Arusha mkutano wa Afrika nzima juu ya hifadhi ya mazingira, ambako tamko la Julius Nyerere, lililopata kujulikana kama Tamko la Arusha la wanyamapori, lilieleza kwamba uhai wa wanyama ni dhamana ya taifa linalokaribia kujitawala. Tangu hapo swali likahama. Zamani liliuliza kama mtoto huyu anaweza kuishi. Sasa likawa linauliza kama ana nafasi katika nchi, na ni nani anayeitoa.

George Adamson aliendelea na kazi hiyo, baadaye huko Kora, Kenya, na upande wake mchungu ukaonekana. Mwaka 1971 simba aliyeitwa Boy, aliyekuwa amelelewa na watu na kutumiwa katika filamu iliyotengenezwa kuhusu Elsa, alimuua Stanley Murithi, mfanyakazi wa kambi. Mnyama aliyezoea watu si lazima awe mpole kwao. Mara nyingi huwa amepoteza kile kilichokuwa kikimlinda yeye na wao, yaani hofu.

Wakati akina Adamson wakifundisha simba mmoja mmoja, jaribio la aina nyingine lilifanyika kisiwani Rubondo, Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Shirika la Wanyama la Frankfurt chini ya Bernhard Grzimek lilipeleka huko sokwe 17 kutoka bustani za Ulaya. Asili yao ilikuwa Afrika Magharibi, walikamatwa wakiwa watoto, na wengine walikuwa wamekaa vizimbani kwa miaka. Hawakupewa mafunzo ya maana. Milango ya masanduku ilifunguliwa ufukweni, wakaingia msituni. Madume wawili waliowashambulia watu walipigwa risasi. Waliobaki walijifunza matunda na majani ya kisiwa, wakajenga viota, wakazaa, na wazao wao wapo hadi leo katika kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kisiwa kiliwasaidia kuliko shule yoyote, kwa kuwa hapakuwa na sokwe wa porini wa kuwafukuza, wala chui, na chakula kilikuwa tele. Wataalamu wa ulezi hawapendi kuutaja mfano huu, maana unaonyesha kwamba mahali panapofaa huweza kufidia malezi yaliyokosekana, ilhali malezi bora hayawezi kufidia mahali pasipofaa.

Kwa tembo mchanga, hata hivyo, hakuna mahali panapoweza kufidia maziwa. Ndama hunyonya bila chakula kingine cha maana kwa muda mrefu, na chini ya umri wa miaka miwili hawezi kupona bila maziwa. Kwa miongo mingi ndama wachanga waliookotwa Afrika Mashariki walikufa karibu wote, wakiharisha. Sababu ilifahamika taratibu, kwa kazi ya Daphne Sheldrick, mke wa David Sheldrick, mhifadhi wa Tsavo Mashariki tangu hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1948. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayasagiki katika tumbo la ndama wa tembo. Daphne Sheldrick alijaribu michanganyiko mingi hadi akapata maziwa ya unga ya watoto wa binadamu ambamo mafuta ya ng'ombe yalibadilishwa na mafuta ya nazi. Nazi, kiungo cha kila jiko la pwani, ikawa ndiyo ufunguo.

Ndama wa kwanza kuonyesha dalili njema aliitwa Aisha. Alinenepa kwa miezi kadhaa, akimfuata mama yake huyo wa kibinadamu kila hatua. Mwaka 1974 Daphne Sheldrick alisafiri kwa siku chache kwenda kwenye harusi ya binti yake; Aisha akakataa kunywa, akafa. Kutokana na kifo hicho zilitoka kanuni ambazo vituo vingi sasa huzifuata. Ndama asiwe na mlezi mmoja, bali walezi kadhaa wanaobadilishana zamu hata usiku, ili mapenzi yake yagawanyike. Anyweshwe kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Atandikiwe blanketi lililoning'inizwa, alisugue kwa mkonga wakati wa kunyonya, kwa kuwa ndama hupenda kugusa tumbo la mama. Na mapema iwezekanavyo awekwe na ndama wenzake, maana kundi ndilo litakalomchukua siku ya kuondoka. Baada ya David Sheldrick kufa mwaka 1977, mfuko ulioanzishwa kwa jina lake ukajenga kituo cha ndama ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na vituo vya mpito Tsavo. Ndama zaidi ya 200 wamepita hapo. Baadhi ya majike waliorudi nyikani wamewaleta watoto wao waliozaliwa huko karibu na mazizi ya zamani, wakakaa kidogo na kuondoka.

Kanuni hizo hazikuwa za tembo tu. Mbali kabisa, Australia, watu waliopewa leseni na majimbo yao hulea watoto wa kangaruu ambao mama zao wamegongwa na magari, na wamefikia mambo yaleyale kwa njia yao. Mtoto huwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa uliotundikwa mahali pa joto, kimya na giza. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi ambayo mwili wake hauiwezi. Humharisha na huweza kumletea mtoto wa jicho. Hukusanywa na wenzake, hutengwa na mbwa wa nyumbani ili asiwazoee, kisha kundi zima hufunguliwa pamoja, baada ya mwaka mmoja au zaidi. Tofauti kubwa ni muda. Kumwondoa tembo mikononi mwa watu huchukua miaka minane au kumi, na mshahara wa walezi hulipwa kila mwezi wa miaka hiyo.

Tanzania iliingia katika hatua hii kupitia sheria kabla ya maziwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974, na baadaye ile ya mwaka 2009, zilikaza udhibiti wa kukamata na kumiliki wanyama. Ya 2009 inasema wazi kwamba wanyama wote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kwa hiyo mtu anayeokota digidigi chini ya Meru na kumweka uani bila kibali anavunja sheria, hata kama nia yake ni njema. Upande wa sayansi, utafiti ambao John Owen aliuanzisha Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikua ukawa taasisi mwaka 1966, na mwaka 1980 Bunge likaunda taasisi ambayo sasa inaitwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI. Makao yake makuu yako Njiro, katika kilima ambacho sasa kimezungukwa na nyumba, vyuo na maduka, na wakazi wengi wa hapo hupita langoni bila kujua kwamba humo ndimo wanamohesabiwa tembo wa nchi nzima.

Hesabu hizo ndizo zilizofanya suala la yatima kuwa la kitaifa. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya mwaka 2014, iliyoendeshwa na TAWIRI, ilikuta 43,330. Majangili hulenga meno, na majike wakubwa ndio wenye ndama. Kila mzoga wa jike uliashiria uwezekano wa ndama aliyebaki akizunguka peke yake. Katika miaka hiyo kituo cha kulea ndama wa tembo kilianzishwa karibu na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na shamba la Makoa, huko Machame, likajulikana kwa kutibu na kulea wanyamapori wa aina mbalimbali. Nusu karne baada ya *Hatari!*, maziwa ya chupa yalirudi chini ya Meru, safari hii bila meli mwishoni.

Biashara ya zamani, hata hivyo, haikuwa imekufa. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wanne wakiwamo, walipakiwa katika ndege Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar. Kesi iliyofuata ilisikilizwa Moshi na kumalizika mwaka 2014 kwa hukumu nzito ya kifungo. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Twiga wale walipakiwa si mbali na nyika ambamo faru wa Schillings alilelewa zaidi ya karne moja kabla.

Nina wa Usa River alipata bahati tofauti. Katika miaka ya 1990, Tony Fitzjohn, aliyekuwa msaidizi wa George Adamson huko Kora na ambaye tangu mwaka 1989 alikuwa akifufua Pori la Akiba la Mkomazi, alimhamishia huko. Tembo huyo hakupata kuishi na tembo wengine tangu utotoni. Kwa kanuni zote za Tsavo alikuwa amechelewa. Alifunguliwa, akazunguka karibu na kambi, akawapata tembo wa porini, wakamkubali, akapandwa na dume la huko na akazaa. Mfano mmoja hautoshi kuwa kanuni, lakini umewafanya wataalamu wasite kusema kwamba tembo aliyekaa kizimbani maisha yake yote hawezi tena kurudi. Mkomazi hiyohiyo ilipokea, kuanzia mwaka 1995, watoto wa mbwa mwitu waliochukuliwa katika mapango ya nyika ya Maasai, ambako walikuwa hatarini kuuawa kwa sumu kwa sababu ya mifugo. Walikuzwa, wakazaliana, na wazao wao wakafunguliwa kwa makundi.

Kwa mbwa mwitu kundi ndilo kila kitu: mmoja aliyelelewa peke yake, hata akiwa na afya ya kupigiwa mfano, hawezi kuwinda wala kuzaa. Jambo hilo liliongoza mradi wa TAWIRI na Hifadhi za Taifa wa kuwarudisha mbwa mwitu Serengeti, walikotoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbwa kutoka Loliondo waliwekwa katika zizi kubwa la Nyasirori, magharibi mwa hifadhi, wakalishwa bila kuzoeshwa watu, na kundi la kwanza likafunguliwa Agosti 2012 mbele ya Rais Jakaya Kikwete. Hawakuwa yatima wa chupa, lakini njia ni ileile: zizi la mpito, kundi lililokwisha kufahamiana, na vifaa vya kufuatilia mwendo shingoni baada ya kufunguliwa.

Kila mnyama ana ugumu wake. Mbega, ambaye yuko kwa wingi katika misitu ya Meru, ana tumbo la vyumba linalochachusha majani. Mtoto wake anaweza kunywa maziwa vizuri kisha akafa wakati wa kulikizwa, kwa kukosa vijidudu vya kusaga majani. Wanaohudumia mbega wa Diani, pwani ya Kenya, ambao mama zao huuawa na nyaya za umeme na magari, wanaujua ugumu huo vizuri. Kima na tumbili huleleka kirahisi na huharibika kirahisi: akizoea kupewa ndizi mkononi, atakuja kuzichukua mezani kwa nguvu. Chui anakua haraka, na nafasi ya kumfungua ni ndogo kwa sababu kila eneo zuri lina mwenyewe. Swala na digidigi wana tatizo la kinyume, kwamba wengi wanaoletwa si yatima kabisa. Mama humficha mtoto majanini na kwenda kulisha, kisha humrudia. Mpita njia anayemwona mtoto amejikunyata, hatikisiki, humchukua kwa huruma, na kwa huruma hiyo anamtenga na mama aliye hai. Kwa hao, huduma bora ni kuwaacha walipo na kumwarifu ofisa wanyamapori.

Anayethibitika kuwa yatima hupewa kwanza maji yenye chumvi na sukari, si maziwa, kwa kuwa wengi hufika wamekaukiwa na tumbo lililokauka halipokei mafuta. Joto hufuata. Watoto wadogo wa jamii ya paka na mbwa hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu ili wakojoe, kazi ambayo mama huifanya kwa ulimi. Daktari wa wanyama huangalia kichaa cha mbwa na kifua kikuu, maana ugonjwa unaweza kutoka kwa mnyama kwenda kwa mlezi, na kutoka kwa mlezi kwenda porini siku ya kufunguliwa. Huko Reteti, Samburu, nchini Kenya, kituo cha jamii kilichofunguliwa mwaka 2016 kimeanza kutumia maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa wanawake wa vijiji jirani, baada ya maziwa ya unga ya kuagizwa kuwa ghali na adimu wakati wa UVIKO-19. Hesabu yake inaeleweka hata machoni pa mfugaji: ndama wa tembo ataondoka bila kurudisha chochote, lakini fedha ya maziwa imebaki kijijini.

Wanaoshindwa kufunguliwa, kwa ulemavu au kwa kuzoea watu kupita kiasi, hubaki katika vituo na bustani zenye leseni, kama ile ya Meserani, magharibi mwa Arusha. Wanaofunguliwa hufuatiliwa kwa muda, na mahali pa kuwafungulia huchaguliwa kwa kuangalia maji, malisho, wanyama wengine wa jamii yao na umbali kutoka mashambani. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kinachozidi kuwa kigumu chini ya Mlima Meru, ambako mashamba sasa yamefika mpakani mwa hifadhi. Kwa sababu hiyo mnyama anayelelewa hapa mara nyingi hufunguliwa mbali: Mkomazi, Serengeti, au nyika za magharibi mwa Kilimanjaro.